Were Aliyezionea Huruma Hedifoni

Zedekiah Were hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikikalia ukingoni, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshasimama mara tatu: mara amekwenda kuufunga mlango unaolia bawaba, mara anauliza ni nani huko nje anayegonga debe, mara ameweka sikio kwenye friji ya watu na kuwaambia kwamba mashine yake haitafika Krismasi. Watu hawapendi kuambiwa habari za friji zao. Lakini friji zilikufa kweli, na majirani zake wa Kangemi wakaanza kumwogopa kidogo.

Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Alitoka Webuye mwaka wa themanini na tatu na cheti cha shule na barua ya mjomba, akapata kazi ya kufagia kwenye studio ndogo ya kurekodi nyimbo karibu na River Road. Kutoka kwenye ufagio akapandishwa hadi kwenye kubeba waya, na kutoka kwenye waya hadi kwenye vitufe, na miaka kumi baadaye hakuna kwaya iliyopita pale bila yeye kumnyooshea mtu wa safu ya nyuma kidole na kumwambia, wewe baba, unaimbia puani. Studio ilipofungwa alihangaika na spika za mikutano ya injili, akizihamisha kutoka uwanja huu hadi ule, na mwishowe akaangukia kwa Mwaura.

Mwaura alikuwa na ofisi ya video Westlands, chumba kimoja juu ya duka la mapazia. Alipiga harusi, mazishi na sherehe za kufuzu. Hiyo ilikuwa mwaka wa 2006, na kila familia iliyojiheshimu ilitaka DVD ya kuwekea wageni. Mwaura alikuwa mtu wa picha tu. Sauti kwake ilikuwa kitu cha kujazia, na si kwake peke yake. Ukitazama video za harusi za mji huu za miaka ile utawaona wazee wakifungua midomo na kuifunga, mikono ikipanda na kushuka, na juu yao umewekwa wimbo wa injili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyelalamika. Wazee wenyewe wakijiona kwenye runinga walifurahi tu kwamba koti lilikaa vizuri begani.

Were alilalamika, tena kila siku, hadi Mwaura akachoka na kumruhusu awe na rekoda yake na maiki ya kufungwa kwenye fimbo. Mteja akitaka maneno, apewe maneno. Basi Were akabaki na haja moja tu, hedifoni za maana, na hizo alizinunua mwenyewe.

Zilikuwa za Kijerumani, nyeusi, za kufunika sikio zima. Bei yake hakumtajia mtu ila mkewe Namalwa, na hata yeye alimtajia nusu. Namalwa alikuwa msusi Kenyatta Market, na mwaka ule alikuwa akingojea mashine mpya ya kukaushia nywele. Mashine haikuja. Alipoziona hedifoni mezani alizizunguka mara moja, akazinusa ngozi yake, akasema zitafutiwe mfuko.

Ndivyo walivyokuwa katika nyumba ile, na usiwacheke, maana huenda hata kwenu ni hivyo. Rimoti ilikuwa bado imevaa nailoni iliyotoka nayo dukani. Viti vilifunikwa vitambaa, na vitambaa navyo vikafunikwa mgeni akija na watoto. Kazini kwa Namalwa mambo yalikuwa hayo hayo: mvua ikinyesha Kenyatta Market, akina mama wazima wenye heshima zao hutoka saluni na mifuko ya nailoni kichwani, na hakuna anayecheka, kwa kuwa kila mtu anajua nywele zimegharimu nini. Kwa hiyo hedifoni zikapata mfuko wao mzito wa nailoni, nao Were akaukunja vizuri na kuubeba kila alipokwenda. Tone la kwanza likianguka, hedifoni zilikuwa ndani ya mfuko na mfuko uko ndani ya koti.

Lakini zikiwa masikioni, jamani, mtu huyu alitulia. Ndio wakati pekee ambao Zedekiah Were alisimama mahali pamoja kama watu wengine. Mabega yalishuka, miguu ikaacha kutafuta pa kwenda. Mwaura alikuwa akisema kwamba angemlipa azivae hata siku zisizo na kazi, ofisi ipate amani.

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika, msichana mmoja aitwaye Wangu alipanda ngazi za ofisi ile akiwa bado amevaa sare ya benki. Alitaka ngurario yake ipigwe video, ile sherehe ya Wagikuyu ambapo mbuzi hukatwa nyumbani kwa bibi harusi na baba yake akawabariki wawili hao ndipo ndoa ihesabiwe. Kwao ni Uthiru. Mwaura alimwonyesha picha, akamweleza habari za kamera mbili. Wangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia Were aliyekuwa akizunguka nyuma ya meza.

"Ni wewe unashughulika na sauti?"

"Ni mimi."

"Baba ako na uvimbe kwa koo. Atapasuliwa Jumanne inayofuata, siku tatu baada ya sherehe. Wataondoa yote, na akiamka hataongea tena." Alisema haya kama mtu aliyeyasema mara nyingi kwa watu wengi. "Video ni ya wageni. Mimi nataka sauti. Hata picha zikiharibika, mimi sitajali."

Were alimwambia asiwe na wasiwasi. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo, na alijisikia mtu. Jumamosi ilipofika alikuwa Uthiru kabla hata ya wapishi.

Boma la Mzee Ndungu, baba yake Wangu, lilikuwa mojawapo ya machache yaliyobaki na ng'ombe upande ule. Majirani walikuwa wameuza au wamejenga nyumba za kupangisha, na nguo za wapangaji zilining'inia kwenye roshani zikiutazama uwanja wake. Mzee alikuwa mrefu, amekonda, amevaa kofia ya manyoya na skafu shingoni. Alipomsalimia Were sauti yake ilitoka imekwaruzika, ya kuvutwa kutoka chini, lakini ilikuwa sauti bado. Were alivaa hedifoni, akaisikia ilivyo kwa ndani, na akajua mahali pa kuweka kila kitufe.

Saa nane mzee akasimama abariki. Hakutaka hema. Baraka, alisema, hutolewa uwanjani, uso ukielekea Mlima Kenya, hata kama mlima wenyewe hauonekani kwa mawingu na maghorofa. Were akamsogezea maiki, akaweka rekoda begani, na maneno ya kwanza yakaingia masikioni mwake safi kabisa. Halafu mvua ikaanza.

Kila Mgikuyu aliyekuwa pale alifurahi. Mvua kunyesha mzee anapobariki, unataka nini tena? Akina mama walipiga vigelegele na hawakuondoka. Aliyenuna uwanja mzima ni mtu mmoja. Tone la kwanza lilimpiga Were mkononi, la pili likagonga hedifoni upande wa kulia, tap. Hakufikiri. Alizivuta kichwani kwa mkono mmoja, akazichomoa kwenye rekoda kwa haraka, akazitia mfukoni na mfuko kotini, na ndipo akapumua. Alitazama rekoda. Taa ndogo za kijani zilikuwa zikichezacheza. Taa zikicheza sauti inaingia, alijiambia, na mzee akaendelea kubariki kwa dakika kumi na nne, mvua ikimtiririka kwenye kofia, na Were amesimama mbele yake na fimbo, akihama mguu huu na ule.

Baadaye Wangu alimjia, viatu vimejaa matope, uso wote unang'aa. "Umempata?"

"Nimempata," akasema Were.

Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye kochi lake, akazitoa hedifoni mfukoni zikiwa kavu kabisa, akazipangusa ingawa hazikuhitaji kupanguswa, akabonyeza rekoda. Maneno ya kwanza ya mzee yalikuja. Kikafuata kishindo cha plagi, na baada ya kishindo kukawa na mngurumo, mmmmm, ule wa waya usioshika. Aliposhtuka na kuzichomoa hedifoni kwa nguvu alikuwa ameivuta nusu ile plagi ya maiki iliyokuwa kando yake. Taa zilikuwa zikicheza kwa mngurumo. Alisikiliza dakika zote kumi na nne, akiomba Mungu mahali fulani plagi iwe imerudi yenyewe. Haikurudi.

Namalwa alitoka jikoni na sufuria, akasimama. "Baba Sammy, umekaa hapo muda wote huu bila kuamka. Ni nani amekufa?"

Akamweleza. Kamera zote mbili za Mwaura zilikuwa chini ya hema, na chini ya hema zilirekodi mvua ikipiga turubai, basi. Namalwa aliweka sufuria chini polepole.

"Sasa hizo ni za nini?" akauliza. "Mimi nikiogopa kuvunja kitana, nitasuka na nini?"

"Wewe ndiye ulisema zitafutiwe mfuko."

"Nilisema mfuko. Sikusema uvue mtu akiongea."

Were aliinuka. Alitoka nje, akarudi. Akatoka tena. Mchana ule wote alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji la ploti na kurudi, wapangaji wakimpisha, na kila aliposimama alisikia mngurumo ule ule ingawa masikio yake yalikuwa wazi. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Jumanne ilikuwa inakuja na hakuna mtu wa kuizuia.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Alimngojea Mwaura kwenye ngazi za ofisi, akipanda na kushuka, hadi mlinzi wa jengo akamwuliza kama amepoteza kitu. Mwaura alipofika alisikiliza sekunde ishirini za mngurumo, akavua hedifoni, akazirudisha mezani.

"Weka wimbo," akasema.

"Mwaura, yule msichana alisema sauti."

"Wote husema sauti. Halafu DVD ikifika wanaangalia nguo. Weka ile slow ya mama wa Nakuru, watalia mpaka wachoke." Alipoona Were bado amesimama akamwekea mkono begani, kwa upole kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Skiza, boss. Ukienda huko leo utawaambia nini? Mzee anaingia hospitali, nyumba imejaa stress, wewe unafika na habari ya plagi. Hiyo itasaidia nani? Ngoja wiki mbili. Tutawaambia mvua iliingia kwa mashine. Mvua si yako."

Na hapa lazima tuseme ukweli: Were alitaka kukubali. Maneno yale yalimteremka vizuri kama uji wa moto. Nani angejua? Mvua ilinyesha, watu mia mbili waliiona, na mashine za watu huharibika kwa mvua. Alishuka ngazi akiwa ameshakubali. Alivuka barabara kwenda upande wa magari ya mjini, akanunue plagi mpya kwa Mhindi mmoja anayemjua, aanze wiki nyingine. Akasimama pale. Gari la kwanza likaita abiria, akaliacha. La pili akaliacha. Kisha akavuka barabara tena mbio, akipigiwa honi kutoka pande zote, akapanda ngazi, akaichukua rekoda na maiki na fimbo na hedifoni mbele ya macho ya Mwaura, akashuka. Waiyaki Way ilikuwa imefungana hadi mahali macho yanapokomea. Gari alilolipanda lilimfikisha Kangemi likazima injini. Akashuka, akakaza mwendo kwa miguu kando ya barabara, maji ya mitaro yakimwingia viatuni, mfuko wa hedifoni ukimgonga kifuani kila hatua.

Alifika kwa Mzee Ndungu saa tatu na nusu. Wangu ndiye aliyefungua lango. Kwenye baraza nyuma yake kulikuwa na begi la nguo limefungwa tayari, na chupa ya chai.

"Gari inakuja saa tano kumpeleka," akasema. "Ulisahau kitu?"

"Sina sauti ya baba yako," akasema Were. Alikuwa ametunga maneno mengine njiani, marefu zaidi, yote yakapotea. "Mvua ilipoanza nilitoa hedifoni. Plagi ikatoka, sikujua. Ningekuwa nazo masikioni ningejua saa hiyo hiyo."

Wangu alimtazama. Maji yalikuwa yakimtiririka Were kidevuni na hakuyapangusa.

"Ulizitoa kwa nini?"

"Nilizionea huruma."

"Ulizionea huruma," akarudia Wangu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alishika lango kwa mikono miwili kama anayetaka kulifunga, halafu akalifungua lote. "Ingia. Umwambie mwenyewe."

Mzee Ndungu alikuwa sebuleni, amevalishwa koti zito, mikono juu ya bakora. Mkewe Mwihaki alikuwa akimfunga viatu. Were alisema yale yale aliyoyasema langoni, na mara ya pili yalikuwa magumu zaidi kuliko ya kwanza. Mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yao kiasi kwamba ilibidi ayaseme kwa nguvu, na hakuna jambo baya kama kukiri kosa kwa kupiga kelele.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Baraka nilishatoa," akasema, na Were alilazimika kuinama ili amsikie. "Mbuzi ameliwa. Hiyo siwezi kutoa tena, si mchezo ya kurudia."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini usiende."

Akafikiri, kidole kikigonga bakora. Kisha akamwambia mkewe jambo kwa Kikikuyu, na mama yule akainua kichwa kutoka kwenye viatu na kumkazia macho.

"Huko nje? Na hii mvua? Wewe ni mtu ya hospitali."

Were alikuwa ameshavaa hedifoni kujaribu kama chumba kitafaa kurekodia. Alichosikia ni mabati na mabati tupu, sauti ya mzee imezama ndani yake kabisa. Jikoni kulikuwa na mabati. Zizini, mabati. Wangu alitaja ghorofa la jirani lenye dari ya saruji, lakini vyumba vya chini vilikuwa kinyozi na duka, redio zote mbili zimewashwa, na mzee hakuwa na pumzi za kupanda ngazi. Wakajaribu mwavuli mlangoni. Matone yaligonga kitambaa kilichokazwa, na kwenye hedifoni ilikuwa ngoma ya harusi nzima. Were alitikisa kichwa na kuufunga.

Saa nne kasoro robo. Alizunguka sebule, akagusa pazia, akagusa zulia ukutani, akapita mlango wa chumba cha kulala bila kuomba ruhusa, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha, akarudi na blanketi zito la sufu. Akalitandaza mikononi nje ya baraza. Mvua iliangukia juu yake na kunyamaza.

"Hii," akasema. "Watu wawili washike juu yake. Nataka dakika mbili tu."

"Mimi nimekamua ng'ombe kwa hii mvua miaka hamsini," akasema mzee, na kusimama.

Wangu alishika upande mmoja. Upande wa pili Mwihaki aliusogelea akiwa bado anagomba, lakini mumewe alipopita uwanjani bila kusimama na kuendelea moja kwa moja hadi mwisho wa shamba, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mtoni, yule mama akaacha kugomba. Alikaza blanketi mikononi.

"Anataka kuita," akamwambia Were.

"Kuita nani?"

"Huyu." Alimwonyesha Wangu kwa kidevu. "Alikuwa mtoto ya kupotelea hapo chini kwa mto. Jioni baba yake anasimama hapa, anaita. Uthiru yote ilikuwa inajua. Na huyu akisikia mara ya kwanza hajibu. Mara ya pili hajibu. Ni mpaka ya tatu."

Wangu aligeuza uso. Alikuwa akiuangalia mteremko, ambako sasa kulikuwa na uzio wa mtu na matangi ya maji.

Chini ya blanketi palitosha mzee peke yake na maiki. Were alibaki nje yake. Alikuwa na ule mfuko wa nailoni mkononi na alijaribu kuzifunika nao hedifoni zikiwa masikioni, lakini kila alipopumua nailoni ilichakarisha masikioni, na kuchakarisha kule kulimfunika mzee. Akauvua mfuko, akautupa kwenye migomba. Akasimama katika mvua kichwa wazi, ile ngozi aliyokuwa akiipangusa kila Jumapili ikinywa maji. Alisukuma plagi zote mbili kwa kidole gumba hadi zikaingia hadi mwisho, na akavikaza vitufe kwa sauti ya mgonjwa, juu kabisa. Alisikia mzee akimeza mate. Alisikia pumzi ikipita kwa shida mahali palipobana.

"Tayari, mzee."

"Wangu," akaita mzee.

Ilitoka ndogo, imepasuka katikati. Ndani ya hedifoni upande wa kushoto maji yakaingia, kukawa na mkwaruzo, na upande ule ukafa. Were aliukandamiza wa kulia kwa kiganja na hakuondoa jicho kwenye taa. Hakuna aliyejongea. Mzee alivuta pumzi, akashika bakora kwa mikono yote miwili.

"Wangu wa Ndungu. Giza linaingia, rudi nyumbani."

Kikikuyu cha Were kilikuwa cha sokoni, lakini haya aliyaelewa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliona blanketi likitikisika upande wa Wangu, maji yakimwagika ukingoni, na akamtazama kwa wasiwasi, maana mzee alikuwa amemgeukia binti yake na kumngojea, na binti hajibu. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi wazi, na bado hajibu. Were alitaka kumwambia, dada, sema kitu, mashine inazunguka. Mkewe mzee alimtikisia kichwa asiseme.

Mzee akatabasamu. Akaivuta pumzi yote iliyobaki kifuani mwake, akainua kidevu juu ya skafu, akaielekeza mtoni kupita uzio na matangi, na kuita kwa mara ya tatu kwa nguvu zake zote. Taa zikaruka hadi kwenye nyekundu. Sauti ikampiga Were ndani ya sikio lake moja kama kofi, ikaumiza hadi kwenye meno, na mkono wake ukainuka wenyewe kutaka kuzivua. Akaushusha.

"Nakuja, baba," akaitika Wangu, naye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.